Shule ya Mabati Kando ya Reli

Kila mwenye jamaa wa mbali anajua kwamba ugomvi ulioanzia kwenye simu haumaliziki kwenye simu. Ndivyo ilivyokuwa baina yangu na mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, aliyeolewa Nairobi na anayeishi huko na mumewe na mtoto wao wa kiume wa miaka minane. Aliniomba nimsaidie fedha kidogo za kupunguza deni la ada ya mtoto. Nikamwuliza ni ada gani hiyo, naye mtoto yu darasa la pili tu. Akanijibu kwamba mtoto anasoma shule ya binafsi.

Nikaghadhibika. Mumewe ni kibarua katika mtaa wa viwanda. Yeye mwenyewe hufua nguo za watu kwa malipo ya siku. Makao yao ni chumba kimoja cha kupanga huko Kibera. Na shule za msingi za umma nchini Kenya zilikwisha futiwa ada tangu Januari 2003. Shule ya binafsi, kwa fikira zangu, ni ile yenye basi la manjano, bustani ya maua na mlinzi langoni. Nikamwambia maneno makali. Nikamkumbusha kwamba mtu hujikuna ajipatapo. Alininyamazia mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa upole: "Mjomba, njoo uone kwanza. Ukishaona, ndipo unigombeze."

Nikaenda. Nilipanda basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam. Safari hiyo wengi wetu tunaijua: Chalinze, Segera, Korogwe, milima ya Usambara mkono wa kulia, Same, Moshi, Mlima Kilimanjaro umejifunika mawingu kama desturi yake, Arusha, halafu mbuga za Wamasai hadi Namanga, ambako siku hizi mihuri ya nchi mbili hugongwa chini ya paa moja. Nilifika Nairobi usiku, baridi ikiniuma mifupa. Mume wa mpwa wangu alinipokea kituoni, tukapanda matatu, tukashuka Olympic, tukateremka kwa miguu kwenye vichochoro vya kijiji kiitwacho Kianda. Usiku huo sikuona kitu ila mwanga wa taa milangoni na moshi wa makaa.

ARDHI ISIYO NA HATI

Asubuhi nilipotoka nje ndipo nilipoiona Kibera. Paa za mabati yenye kutu zimeshonana bega kwa bega, zimeshuka bondeni hadi Mto Ngong, zikapanda tena ng'ambo. Watu wa huko hawasemi mtaa, husema vijiji: Kianda, Soweto, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Lindi, Laini Saba, Makina na vinginevyo, na kila kijiji kina sifa yake na watu wake. Wageni hupenda kusema kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu 170,070. Hata hiyo si idadi ndogo kwa bonde ambalo mtu mzima mwenye afya aweza kulivuka kwa miguu kabla ya chai ya saa nne.

Jina lenyewe ni la Kinubi. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwaweka hapa askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles pamoja na jamaa zao, nao wakapaita Kibra, yaani msitu. Walipewa mahali pa kukaa, hawakupewa hati. Mji ulipokua, watafutaji wa kazi kutoka kila pembe ya Kenya wakaja kupanga, wakajenga, wakazaa. Mwaka 2017, baada ya zaidi ya miaka mia moja, jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Wengine wengi wanaishi juu ya ardhi ya serikali bila ya karatasi yoyote. Nakuomba, ndugu msomaji, uliweke jambo hili la hati moyoni, maana litarudi.

Katikati ya yote hayo inapita reli, ile ile iliyofika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Asubuhi reli hiyo ni barabara ya wafanyakazi. Niliwaona wakitembea juu ya mataruma, mmoja nyuma ya mwingine, hawazungumzi, kila mmoja na mfuko wake, wakielekea viwandani ili kuokoa nauli. Treni inapolia kwa mbali, wauza mboga huvuta magunia yao kando, treni hupita, nao huyarudisha mahali pake kana kwamba hakuna lililotokea.

NDANI YA LANGO LA BULUU

Shule ya mjukuu wangu iko hatua chache tu kutoka relini. Ina lango la mabati lililopakwa rangi ya buluu, na juu yake maneno yaliyoandikwa kwa mkono: jina la shule na wito wake wa bidii. Vyumba ni vinane. Kuta ni mabati yaliyopigiliwa kwenye mbao, sakafu ni saruji iliyopasuka, na uwanja hauzidi ukubwa wa sebule ya bwana mkubwa, kwa hiyo watoto hutoka kucheza kwa zamu.

Kila darasa husikia masomo ya darasa jingine. Darasa la pili walipokuwa wakihesabu kwa pamoja, niliona wa darasa la nne wameinamisha vichwa, wakingoja wenzao wamalize. Mvua inaponyesha, mwalimu hawezi kusikika kwa kishindo cha mabati. Hapo huandika ubaoni, na watoto hunakili kimya hadi mvua ipungue. Lakini niliwahesabu watoto katika chumba cha mjukuu wangu, nao walikuwa 27. Mwalimu wao, msichana mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alimjua kila mmoja kwa jina. Alipita kati ya madawati na kusahihisha daftari moja baada ya jingine. Nilikaa pale saa nzima, wala sikumwona akikaa.

Mwalimu mkuu ndiye mwenye shule. Ni mama wa makamo aliyefundisha kwanza kwa kuajiriwa, kisha akaanza na watoto wachache katika ukumbi wa kanisa, siku ambazo hapakuwa na ibada. Alinikaribisha ofisini kwake, chumba chenye meza moja na rafu ya vitabu vilivyotiwa magamba ya gazeti.

"Karibu, Mzee. Nimeambiwa umekuja kutukagua."

Nikacheka, ingawa moyoni niliona haya. Nikamwomba anieleze jinsi shule inavyojiendesha. Akatoa daftari jeusi, akalifunua mbele yangu.

KARO YA HAMSINI HAMSINI

Ada wao huiita karo. Katika shule ile karo ni shilingi 800 za Kenya kwa mwezi, na uji na chakula cha mchana hulipiwa mbali, shilingi 30 kwa siku. Daftari lina ukurasa mmoja kwa kila mzazi. Nikasoma ukurasa wa mpwa wangu: 100, 50, 50, 200, siku tano bila kitu, 50, 100. Nikafunua ukurasa mwingine, nikakuta vivyo hivyo.

"Mzee," akasema, "hapa hakuna anayelipa mia nane. Wanalipa hamsini mara kumi na sita."

Nikamwuliza mishahara ya walimu hutoka wapi. Akaweka kiganja juu ya daftari. Humo humo. Kodi ya kiwanja humo humo, chaki humo humo, maji ya kununua kwa mitungi humo humo. Mwezi ambao vibarua ni haba, wazazi hawalipi. Wazazi wasipolipa, walimu hupata nusu, nao hukopa dukani kwa muuza unga, ambaye yeye pia ana mtoto katika shule hiyo, naye hukatwa deni lake katika karo. Hivyo shilingi ile ile huzunguka katika kijiji kimoja kama maji ya kinu, na kila mtu anamdai mwenzake. Wengi wa walimu wake ni vijana waliomaliza kidato cha nne na wanaotafuta nafasi ya chuo. Malipo yao ni sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Utumishi wa Walimu. Akipata kazi nzuri zaidi kesho, mwalimu huondoka katikati ya muhula, na mwalimu mkuu hushika chaki mwenyewe.

Jioni, tukiwa tumekaa nje ya mlango, nikamwuliza mpwa wangu lile lililonileta. Kwa nini asimpeleke mtoto kwenye shule ya bure?

Alikuwa akichambua sukuma. Akanijibu bila kuinua macho. "Mjomba, mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kwenda kukaa nje ya mageti ya watu kutafuta nguo za kufua. Hiyo shule ya umma iko ng'ambo ya barabara kubwa, na mtoto ana miaka minane. Ya bure si bure: kuna sare, kuna michango, kuna hiki na kile. Nilipoenda kuulizia nafasi, niliona darasa lenye watoto hata sikuweza kuwahesabu. Hapa mtoto yuko hatua mia kutoka mlangoni, anakaa mpaka saa kumi na moja jioni, anakula."

Akanyamaza, halafu akaongeza neno ambalo sijalisahau hadi leo: "Na hapa, mwalimu asipokuja kazini, mimi namjua anakokaa."

KWA NINI ZIKAWA NYINGI

Ili kuelewa jibu hilo yafaa kurudi nyuma kidogo. Kenya ilijaribu mapema kuwaondolea wazazi mzigo: mwaka 1974 ada ilifutwa kwa madarasa manne ya kwanza. Lakini michango ya majengo ikaota mahali pa ada, na mwaka 1988 serikali, ikibanwa na madeni, ikaingiza utaratibu wa kugawana gharama na wazazi. Ndipo serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipoingia madarakani na kufuta ada yote ya shule za msingi za umma mnamo Januari 2003. Wanafunzi wakaongezeka kutoka kiasi cha milioni 5.9 mwaka 2002 hadi kiasi cha milioni 7.2 mwaka 2003. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Ilikuwa furaha kubwa, na ilistahili kuwa furaha. Wapo watoto, na hata wazee, walioshika kalamu kwa mara ya kwanza kwa sababu ya tangazo lile.

Lakini tangazo halijengi darasa wala haliajiri mwalimu. Shule za umma za kando ya Kibera zilijaa, na ndani ya vijiji vyenyewe, mahali pasipo na hati, si rahisi kwa serikali kujenga. Mtaalamu Mwingereza James Tooley na wenzake walipopita Kibera mwaka huo huo wa 2003, walihesabu shule za binafsi 76 zenye watoto zaidi ya 12,000, nyingi zikiwa za mabati au za udongo na zinazoendeshwa na wenyeji. Katika shule hizo waliwakuta pia wazazi waliojaribu shule ya bure kisha wakarudi.

Tangu hapo mabishano hayajakoma. Tooley na wafuasi wake husema: mwacheni maskini achague, maana shilingi yake humfanya mwalimu awajibike. Wapinzani wao husema: elimu ni haki, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, humpa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, anayemwuzia maskini haki yake humrudisha nyuma. Mwaka 2014 wizara ya Uingereza ya maendeleo ya kimataifa ilitoa mapitio ya tafiti nyingi juu ya shule hizi katika nchi zinazoendelea. Ilionekana kwamba mara nyingi ufundishaji huwa bora kuliko katika shule za umma, na gharama huwa ndogo, hasa kwa kuwa walimu hulipwa kidogo. Lakini ushahidi kwamba shule hizo huwafikia walio maskini zaidi ulikuwa hafifu.

Wapo pia wenye mitaji walioliona soko. Kampuni ya Bridge ilifungua shule yake ya kwanza Mukuru, Nairobi, mwaka 2009, kisha ikafungua mamia nchini, ambamo mwalimu husoma somo lililoandikwa tayari kwenye kompyuta ndogo ya mkononi. Utafiti wa Michael Kremer, mshindi wa tuzo ya Nobel, na wenzake, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba watoto wa shule hizo walijifunza zaidi ya wenzao. Hata hivyo Uganda iliamuru shule za kampuni hiyo nchini mwake zifungwe mwaka 2016, kwa maelezo kwamba hazikutimiza masharti. Nimemtaja mfanyabiashara huyo ili msomaji asimchanganye na mama wa daftari jeusi. Wote wawili huitwa "binafsi", lakini mmoja ana wanahisa ng'ambo ya bahari, na mwingine ana deni kwa muuza unga.

SIKU YA IJUMAA

Ilipofika Ijumaa nilimsindikiza mjukuu wangu tena. Watoto walisimama mistari uwanjani. Mwalimu mkuu akatoka na karatasi, akasoma majina kumi na moja. Sauti yake haikuwa kali, wala haikuwa na furaha. Waliotajwa walitoka mstarini bila kuuliza, wakachukua mifuko yao. Mmoja wao, msichana wa kama miaka kumi, alirudi kwanza kumkabidhi mwenzake kitabu walichokuwa wakisoma wawili, akamwonyesha ukurasa waliofikia, kisha akapita mbele yangu kwenda langoni. Hakulia. Kilichonichoma ni hicho, kwamba hakulia. Alitembea kama mtu anayeijua njia.

Nikamfuata mwalimu mkuu ofisini. Sikuficha hasira zangu. Nikamwuliza, je, mtoto ana kosa gani?

"Hana kosa," akajibu. "Ana deni la miezi mitatu. Mzazi ninayemtumia barua haji. Nikimrudisha mtoto, mzazi huja. Mzee, nisipowarudisha hao kumi na mmoja, mwisho wa mwezi walimu wawili wataondoka, na watoto hamsini watakaa bila mwalimu. Nieleze wewe nifanyeje."

Sikuwa na la kumweleza. Nikatoa pochi, nikasema nitamlipia yule msichana mwezi mmoja. Akapokea, akaandika katika daftari kwa mwandiko mzuri, akamtuma mtoto akimbie kumrudisha. Kisha akafunika daftari, akaniambia neno ambalo nadhani ni zito kuliko yote niliyoyasikia katika safari ile.

"Umefanya vyema. Lakini hao kumi na mmoja wana ukurasa humu. Wapo wasio na ukurasa. Ukipita relini saa hizi utawaona wakiokota vyuma. Hao siwarudishi nyumbani, kwa sababu hawajawahi kuja."

Nilipita relini. Niliwaona. Walikuwa wanne, mkubwa wao hazidi miaka tisa, na gunia moja.

MABATI NI MABATI

Nisingependa msomaji adhani kwamba napamba. Shule ya mabati ni mahali pa hatari. Tarehe 23 Septemba 2019, asubuhi, jengo la shule ya binafsi ya namna hiyo lilianguka huko Dagoretti, si mbali na Kibera, likaua watoto wasiopungua saba na kujeruhi wengine kadhaa wa kadhaa. Lilikuwa la ghorofa la mbao na mabati. Nilipomtajia mwalimu mkuu habari hiyo alishika mdomo. Akasema usiku wa siku ile alizunguka na tochi, akigonga nguzo moja baada ya nyingine.

Hapa ndipo hati inaporudi. Serikali ya Kenya ilitunga sera ya kuzitambua shule hizi mwaka 2009, ikiziita za utaratibu mbadala, ili zisajiliwe na kukaguliwa. Lakini mwalimu mkuu ananiambia kwamba kila akienda kuomba usajili kamili huulizwa karatasi ya kiwanja, naye karatasi hana, wala anayempangisha hana. Asiyesajiliwa hapati ruzuku; asiyepata ruzuku hawezi kujenga kwa matofali; na hata angeweza, nani ajenge kwa matofali mahali anapoweza kuondolewa kesho? Mwezi Julai 2018 matingatinga yalipita Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu wapatao 30,000 walikosa makao, na baadhi ya shule zikasawazishwa na ardhi pamoja na nyumba hizo.

Halafu ukaja ugonjwa wa korona. Shule zote za Kenya zilifungwa katikati ya Machi 2020, na watoto walio wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Mwalimu wa serikali aliendelea kupata mshahara. Mwalimu wa daftari jeusi hakupata hata senti, maana hakuna mzazi alipaye hamsini kwa darasa lililofungwa. Msichana yule mwenye sauti kubwa aliniambia kwamba miezi ile aliuza mandazi kando ya reli, na wateja wake wakubwa walikuwa wanafunzi wake. Yapo malango ya buluu ambayo hayakufunguliwa tena.

NILIYOYAKUMBUKA NJIANI

Katika basi la kurudi nilikuwa na saa nyingi za kufikiri, na jambo lililonijia halikuwa la Kenya, bali la kwetu. Nilianza shule mwaka 1964. Shule ya karibu ilikuwa imejaa, nami nilikosa nafasi. Wazazi wa kijijini, chini ya chama cha wazazi cha TAPA kilichoanzishwa Tanganyika mwaka 1955, walikuwa wamejenga banda la miti na udongo. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyeishia darasa la nane, na mara nyingine alilipwa kwa unga. Mama yangu, ambaye ni bibi wa mpwa wangu huyu, alibeba maji kichwani ya kukandia ule udongo, na aliuza maandazi ili nipate ada. Nilikuwa nimesahau. Mtu akishavuka mto husahau mtumbwi, akaanza kuwacheka walio bado majini.

Lakini tusijidanganye kwamba hali hizo mbili ni moja. Wazazi wetu walijenga pamoja, na banda lile lilikuwa la wote. Tena lilikuwa ngazi tu: mwaka 1977, pamoja na mpango wa elimu ya msingi kwa wote, serikali iliubeba mzigo huo mabegani mwake, kwa kuchechemea ndiyo, lakini iliubeba. Mpwa wangu halipi pamoja na mtu yeyote. Kila mzazi analipa peke yake, kwa ukurasa wake, na mwenye ukurasa mtupu hutolewa mstarini peke yake.

Kwa hiyo siwezi kumsifu anayesema kwamba maskini wamepata dawa yao na wasisumbuliwe, wala siwezi tena kumsifu anayetaka malango yale ya buluu yafungwe kesho. Atakayeyafunga awaonyeshe kwanza watoto wale 27 darasa jingine, lililo karibu, lenye mwalimu anayewajua kwa majina. Shule ya mabati inatupa ushahidi mmoja tu usiopingika: kwamba mtu wa kima cha chini anaitaka elimu ya mwanawe kiasi cha kuinunua kwa hamsini hamsini, kutoka katika fedha ya kufua nguo. Ushahidi huo ni deni kwa wenye dhamana. Si ruhusa ya kumwachia alipe.

Siku ya kuondoka mpwa wangu alinisindikiza hadi kituoni. Mjukuu wangu alibeba mfuko wangu mdogo na kukataa kusaidiwa. Basi lilipokuwa likiwasha moto, mpwa wangu akacheka, akasema: "Mjomba, mbona hukunigombeza?"

Nikamwambia nitamgombeza kwa simu. Siku iliyofuata nilipofika nyumbani nilipiga, nikamwomba msamaha, na mwisho wa mwezi nikaanza kutuma kile nilichokuwa nimemnyima. Mara ya tatu alinieleza kwamba sehemu ya fedha ile ilikwisha andikwa katika ukurasa wa yule msichana aliyeacha kitabu kwa mwenzake. Aliniuliza kama nimekasirika. Nikamwuliza, je, wale wanne wa gunia wameonekana?

Akasema bado.